Lami Si Usafiri: Tusikate Utepe Kabla ya Basi



Leo naomba tujadili jambo linalomgusa mlalahoi kila siku ya Mungu, nalo ni usafiri wa barabara. Sizungumzii idadi ya kilomita za lami, maana hizo tunasomewa kila bajeti mpaka masikio yanauma. Nazungumzia swali ambalo hatuliulizi: barabara ikishajengwa, ni nani mwenye jukumu la kuhakikisha mwananchi anafika anakokwenda?

Hoja yangu ni moja tu. Serikali zetu zimejifunza kununua lami, hazijajifunza kununua usafiri. Mpaka tutakapobadili kile tunacholipia, kila mkopo mpya utatuletea barabara nzuri zaidi na foleni ileile.

Tuanze na Mbagala. Awamu ya pili ya mradi wa mabasi yaendayo haraka, mwendokasi kama tulivyozoea kuita, ilipita Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, kilomita 20 na ushee, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mkandarasi alikuwa Sinohydro wa China na ujenzi ulianza mwaka 2019. Njia ya zege ikamwagwa, vituo vikasimama, taa zikawekwa. Kilichokosekana ni kitu kimoja kidogo: basi. Kwa muda mrefu njia ile ya katikati ilikaa tupu, huku pembeni yake daladala zimebanana na watu wananing'inia mlangoni. Huduma ilikuja kuanza mwaka 2025. Sasa niulizeni, mkopo ulisubiri basi? Mkopo hausubiri. Zege nalo halisubiri, linazeeka kwa jua na mvua hata kama hakuna gurudumu lililopita juu yake.

Atakayesema hilo lilikuwa bahati mbaya, arudi kwenye awamu ya kwanza. Wakala wa DART ulianzishwa mwaka 2007. Ujenzi wa kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Kariakoo, ulianza mwaka 2012 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Abiria wa kwanza walipanda Mei 2016. Mpango ulihitaji mabasi 305. Tukaanza na 140, chini ya kitu kilichoitwa "mtoa huduma wa mpito". Mabasi mengine 70 yalipoletwa, yakakwama bandarini muda mrefu kwa mvutano wa kodi. Kadi za kulipia nauli zilianza vizuri, kisha tukarudi kwenye tiketi za karatasi kama tuko stendi ya mkoa. Na karakana ya mabasi ikajengwa Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi, mahali ambapo kila mtoto wa Magomeni anajua maji hupita. Mvua zikaja, mabasi yakazama. Mkataba wa daraja jipya la Jangwani ulisainiwa mwaka 2024, miaka minane baada ya huduma kuanza.

Tazama mfululizo huo vizuri. Hakuna hata jambo moja hapo lililosababishwa na ukosefu wa lami. Lami ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja, mwenye meza moja na mkataba mmoja, anayebanwa pale abiria anapokaa kituoni saa nzima. Mjenzi alilipwa kwa kujenga na mshauri kwa kushauri. Abiria peke yake ndiye aliyelipa kwa kusubiri.

Na kusubiri kuna bei. Mimi nina dada Mbagala, kama wengi wenu mlivyo na ndugu huko. Ana biashara ndogo Kariakoo. Kwa miaka mingi ametoka nyumbani saa kumi alfajiri ili apate nafasi ya kusimama, achilia mbali ya kukaa. Jioni akikosa gari anapanda bodaboda, na faida ya siku nzima inaishia hapo. Sehemu ya pauni ninazotuma kila mwezi huenda kwenye kiti cha bodaboda. Ukitaka kujua kodi anayolipa maskini kwa kukosa usafiri, usiitafute kwenye hotuba ya bajeti. Mwulize mama lishe anayefungua jiko saa kumi na moja. Mkubwa aliye ndani ya shangingi hawezi kuijua, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Sasa nihamie huku ninakoishi, Harrow, kaskazini magharibi ya London. Sina nia ya kuwatambia Wazungu. Harrow yenyewe ni mji wa watu waliotoka kwetu. Wahindi wengi waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 waliishia pande hizi, na hadi leo ukiingia dukani unaweza kujibiwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha vijana wetu. Nataka tutazame jambo moja tu: namna basi linavyonunuliwa.

Pembeni ya stesheni ya Harrow-on-the-Hill kuna kituo cha mabasi. Hapo unapata 140, 182, 183, 258, 340 na mengineyo, pamoja na SL9 la kwenda uwanja wa ndege wa Heathrow na SL10 la kwenda North Finchley. Yote ni mekundu, yote yana nembo moja, nauli ni moja. Mgeni anadhani ni mali ya serikali. Siyo. Mabasi yanaendeshwa na makampuni binafsi yaliyoshinda zabuni, na kila njia ina mkataba wake wa miaka kadhaa. Lakini makampuni hayo hayapangi nauli, hayapangi njia wala ratiba, na nauli ninayolipa haiingii mfukoni mwao. Inaingia kwa Transport for London, mamlaka ya usafiri iliyoanzishwa mwaka 2000 chini ya Meya.

Kampuni inalipwa kwa kilomita ambazo basi limetembea. Basi lisipotoka kwa uzembe wa kampuni, kilomita hizo zinakatwa. Tangu mwaka 2001 mikataba imeongezewa kipimo cha ubora. Kwenye njia zenye mabasi mengi wanapima dakika za ziada ambazo abiria amesubiri kupita zile alizostahili kusubiri. Zikipungua, kampuni inapata bakshishi. Zikizidi, inakatwa. Ndugu zangu, fikirini maana yake. Dakika zangu pale kituoni zimeandikwa kwenye mkataba na zina bei! Kampuni ikinichelewesha mimi mbeba boksi, kuna mhasibu mahali fulani anaumia kichwa.

Hapa ndipo pana tofauti na kwetu. Daladala zilipohalalishwa mwaka 1983, kwa sababu UDA ilikuwa imeelemewa, tuliwaachia watu binafsi kila kitu: njia, muda, abiria na nauli ya siku. Dereva analeta hesabu kwa tajiri, kinachobaki ndicho mshahara wake. Ndiyo maana anakimbiza gari, anakatisha njia na kumwacha mwanafunzi. Yeye si mtu mbaya, mkataba wake ndio mbaya. Analipwa kwa vichwa, halipwi kwa huduma.

Na msidhani Waingereza walizaliwa na akili hii. Nje ya London, Oktoba 1986, walifanya kama sisi, wakaachia soko huria na kila mwenye basi akajichagulia njia. Baada ya karibu miaka arobaini, jiji la Manchester limerudisha mabasi yake chini ya mamlaka ya umma kwa mikataba ya zabuni. Kazi hiyo ilianza Septemba 2023 na kukamilika Januari 2025. London iliachwa nje ya soko huria lile tangu mwanzo. Kwa hiyo tuna ushahidi wa njia zote mbili ndani ya nchi moja, na hatuna sababu ya kurudia darasa.

Najua kuna atakayesema: "Ndugu, London ina hela, sisi hatuna." Basi tuzungumze hela.

Kuna jambo linaloshangaza watu wengi. Kwenye fedha za barabara, Tanzania ina sheria ambayo Uingereza haina. Uingereza ilianzisha Mfuko wa Barabara mwaka 1920, fedha za wenye magari zikatumike kwenye barabara. Haikupita miaka mingi, Winston Churchill akiwa Waziri wa Fedha akaanza kuuchota kwa matumizi mengine, na ilipofika mwaka 1937 utaratibu wa kuzitenga fedha hizo ulikuwa umezikwa. Mpaka leo kodi ya mafuta ninayolipa hapa inaingia kwenye kapu kuu. Matokeo yake ni mashimo. Makadirio ya wenye fani yenyewe yanasema barabara za halmashauri za England na Wales zinahitaji zaidi ya pauni bilioni 16 ili zirudi kwenye hali nzuri. Nchi iliyotengeneza reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani inakwepa mashimo kama sisi tunavyoyakwepa Tandale. Hilo nalo ni somo: mfuko usiolindwa huliwa hata na watu wenye elimu.

Sisi tunao Mfuko wa Barabara uliopata nguvu kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 1998, na sheria inataka angalau asilimia 90 iende kwenye matengenezo. Mwaka 2021 tuliongezewa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza 2017. Kila anayepanda daladala, kila anayenunua nyanya zilizopakiwa Iringa, anachangia. Kwa hiyo kusema hatuna hela ni kumkosea heshima mwananchi ambaye ameshalipa. Swali la kuuliza ni kama hela hiyo inafika kwa wakati. Ripoti za Mkaguzi Mkuu zimekuwa zikirudia wimbo uleule: wakandarasi wanacheleweshewa malipo, kisha serikali inatozwa riba. Riba haizibi shimo hata moja. Ni hela ya bure, inayolipwa kwa sababu karatasi imekaa mezani kwa mtu.

Tukitaka kuona mwisho wa njia hiyo, tutazame kwa jirani. Kenya ilipandisha tozo ya matengenezo ya barabara kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024. Mwaka uliofuata ikaweka rehani shilingi 7 kati ya hizo 25 ili ipate fedha za kulipa madeni ya wakandarasi wa nyuma. Siwalaumu kwa kulipa, deni ni lazima lilipwe. Lakini matengenezo ya kesho yameuzwa kulipia lami ya jana. Barabara itakayobomoka miaka ijayo itatengenezwa kwa nini?

Zipo pia njia za kumlipisha mtumiaji moja kwa moja, na tumeshazijaribu. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa Aprili 2016, NSSF ikatoa asilimia 60 na serikali 40, na gharama zikarudishwa kwa tozo. Kama fedha za kujenga, ilikuwa kazi nzuri. Lakini wakazi wa Kigamboni walilalamika kwa miaka kwamba wao peke yao ndio wanaolipia kuvuka kwenda kazini, mpaka tozo zikapunguzwa mwaka 2022. London nayo ilifungua handaki la Silvertown chini ya Mto Thames Aprili 2025, kwa fedha za wawekezaji binafsi na tozo kwa magari. Kuna sharti moja pale ambalo ningependa kila waziri wetu alibandike ukutani: wawekezaji hawakuanza kulipwa mpaka handaki lilipokuwa wazi na linatumika. Ujenzi ukichelewa, anayelala njaa ni mwenye mradi, si mwananchi. Lau Mbagala ingekuwa na sharti la namna hiyo, kwamba malipo ya mwisho yatoke siku basi linapobeba abiria, nina hakika mabasi yangepatikana mapema mno.

Nije kwenye jambo la tatu, uwazi, ambao ndio mhimili wa yote.

Mwaka 2023 Meya wa London alitaka kupanua eneo la kutoza magari yenye moshi mchafu lifike mpaka mipaka ya jiji. Halmashauri ya Harrow ilikataa. Ikaungana na halmashauri nyingine tatu za London na ya Surrey, wakampeleka Meya Mahakama Kuu. Mwezi Julai walishindwa, na tarehe 29 Agosti tozo ikaanza. Ukiwa upande huu au ule, angalia kilichotokea: halmashauri ilimshitaki mkubwa wake mbele ya hadhara, hoja zikasomwa, hukumu ikaandikwa, na hakuna diwani aliyeitwa msaliti wa taifa. Mwaka uliofuata Meya yuleyule akaomba kura kwa watu walewale, na akapewa.

Kuna jingine dogo ambalo wengi wetu tulioko huku hatulitumii. Kila mwaka, kwa siku 30 za kazi, hesabu za halmashauri hufunguliwa. Mkazi yeyote anaweza kuomba kuona mikataba, ankara na stakabadhi za mwaka ule, na mpiga kura anaweza kumwuliza mkaguzi maswali au kupinga malipo. Huhitaji kuwa mbunge, na hakuna atakayekuuliza umetumwa na nani. Kwetu tulipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa mwaka 2016, na hapo pana sifa. Lakini mwaka 2017 tukajitoa kwenye mpango wa kimataifa wa serikali kuendeshwa kwa uwazi, ambao sisi wenyewe tulikuwa tumeukimbilia. Mkono mmoja unafungua dirisha, mwingine unafunga mlango. Mkataba wa mtoa huduma wa mwendokasi, mwananchi wa Kimara ameusoma wapi?

Tusidhani hili ni suala la makaratasi. Oktoba 2025, abiria waliochoshwa na kusubiri njia ya Kimara walifika mahali pa kurusha mawe mabasi na vituo. Serikali ikakimbilia kuhamishia huko mabasi yaliyoandaliwa kwa ajili ya Mbagala, yaani ukavua shati la mdogo umvishe kaka. Wiki chache baadaye, kwenye ghasia za uchaguzi wa tarehe 29, vituo vya mwendokasi vilichomwa moto. Sitaki kuchanganya mambo. Damu iliyomwagika siku zile ina mjadala wake mzito kuliko huu, na Mungu awarehemu waliotutoka. Lakini kama wananchi tujiulize kwa utulivu: kwa nini kitu kilichojengwa kwa deni letu wenyewe kilionekana machoni mwa vijana kama mali ya adui? Mtu halindi kitu ambacho hakuwahi kuhisi ni chake. Alikatiwa utepe, akaambiwa apige makofi, kisha akaachwa kituoni.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, sitaki niishie kulalamika. Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji utajiri wa London.

Kwanza, awamu zilizobaki, ikiwemo ya tatu ya kwenda Gongo la Mboto na ya nne ya kwenda Tegeta, zihesabiwe zimekamilika siku basi linapobeba abiria kwa ratiba, si siku mkandarasi anapokabidhi funguo. Mkataba wa mabasi usainiwe pamoja na wa barabara, na wakopeshaji wetu walazimishwe kuweka sharti hilo. Wao wanaitwa wataalamu, nao walikuwepo Barabara ya Kilwa ilipokaa tupu.

Pili, mtoa huduma alipwe kwa kilomita na kwa kuwahi. Nauli iingie kwa mamlaka ya umma, kwa kadi inayofanya kazi. Wenye daladala wasifukuzwe barabarani kama wezi. Wajiunge kwenye makampuni au ushirika na waingie kwenye zabuni kwa kipimo kilekile. Bogotá ya Colombia ilianza hivyo mwaka 2000, makampuni binafsi yakilipwa kwa kilomita, na ndiko tulikokwenda kujifunza mwendokasi. Tuliiga vituo, tukasahau mkataba.

Tatu, Mfuko wa Barabara ulindwe kama mboni ya jicho. Matengenezo kwanza, miradi mipya baadaye. Na kila robo mwaka itangazwe hadharani: mkandarasi gani anadai, anadai tangu lini, na riba imefika wapi. Aibu ni dawa ya bei rahisi.

Nne, kila halmashauri na kila wakala wa barabara wafungue vitabu vyao siku 30 kwa mwaka, mwananchi aingie asome mkataba na ankara bila kuulizwa kadi ya chama.

Na sisi wa ughaibuni tuna kazi yetu. Tumezoea kusambaza picha za madaraja mapya na kuandika "Bongo tunapaa!", kisha tunalala. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Safari nyingine ukiona picha ya barabara mpya, kabla ya kupiga makofi uliza maswali matatu: basi liko wapi, nani analipwa likichelewa, na mkataba tunausomea wapi? Viongozi wetu wakija London kwenye mikutano, tuache kugombania kupiga nao picha, tuwaulize hayo. Hapa hakuna wa kutuzuia.

Mbagala sasa wana basi, na nawapongeza kwa subira yao. Gongo la Mboto na Tegeta wasije wakalazimika kuwa na subira kama hiyo, maana tumeona Oktoba ile kwamba nayo huisha.

Naomba kuwasilisha.